Anayeuguza Naye Aulizwe: Unywaji Hatarishi kwa Jamaa za Wagonjwa wa Pombe

Mtu akilazwa hospitalini Malindi kwa ajili ya pombe, awe amevimba tumbo kwa maradhi ya ini, ametapika damu, au ameanguka na bodaboda akiwa amelewa, maswali yote humwendea yeye. Alianza kunywa lini, hunywa nini, kinywaji cha mwisho kilikuwa saa ngapi. Nduguye aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi na thamosi ya chai huulizwa namba ya simu, habari za malipo na nani atabaki usiku. Yeye hunywa kiasi gani? Hilo haliulizwi. Na mwenyewe haoni kama ana la kuulizwa, maana mgonjwa ni yule aliye kitandani.

Jamaa wengi wa mgonjwa wa pombe wamemfanya mgonjwa kuwa kipimo chao. Maadamu siamki na chupa kama kaka, maadamu naenda kazini, maadamu sijawahi kuokotwa njiani, basi mimi niko sawa. Kipimo hicho ni kibovu. Ukijipima na mtu anayemaliza mzinga, chupa kubwa ya pombe kali, kwa siku, unywaji wowote utaonekana mdogo, hata ule ambao tayari unapandisha presha, unakula tumbo na kumaliza pesa za karo. Unywaji hatarishi ni unywaji wa kiwango kinachoongeza uwezekano wa kuumia hata kama madhara hayajaonekana, na mara nyingi anayekunywa hivyo ni mtu mzima wa afya anayeonekana kuwa ndiye nguzo ya nyumba.

Si kila jamaa yumo humo. Wapo wengi wasioonja kabisa, wengine kwa dini, wengine kwa sababu wameona kwa macho yao pombe ilivyomfanya baba. Lakini wanaokunywa katika familia hizi wana sababu zaidi ya moja za kuteleza, na sababu hizo huja pamoja.

Ya kwanza ni damu. Tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa nje ya kwao zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya mtu na mtu katika hatari ya utegemezi wa pombe hutokana na urithi. Hakuna jeni moja la ulevi; ni nyingi, kila moja na mchango mdogo. Kitu kimoja kinachorithiwa kinastahili kutajwa kwa sababu watu hukisifu. Baadhi ya watoto wa wanywaji huzaliwa na mwili usiolewa upesi. Wenzake wakishaanza kuyumba kwa chupa ya tatu, yeye yu timamu kwa ya sita, na barazani husifiwa kuwa ni hodari. Huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mwili wake haumpi onyo mapema, kwa hiyo hunywa zaidi ili apate kile wenzake wanachokipata kwa kidogo, na ini lake linahesabu kila tone hata kama kichwa hakihesabu.

Ya pili ni nyumba yenyewe. Mume na mke huelekea kufanana katika unywaji, kwanza kwa kuchaguana, kisha kwa kuambukizana mazoea. Wapo wake wanaoanza kunywa kwa nia njema kabisa: bora anywe hapa mbele yangu kuliko mangweni kunakouzwa mnazi, na nikichukua nusu ya chupa, yeye atakunywa nusu. Mgawo huo haudumu. Baada ya miezi nyumba huwa na wanywaji wawili, na chupa ya pili hununuliwa kwa sababu ya kwanza haiwatoshi.

Ya tatu ni mzigo wa kuuguza. Anayelala kwenye kiti wodini, akaamka alfajiri kwenda kutafuta pesa, usiku akirudi hawezi kufumba jicho, hugundua kwamba glasi mbili humlaza. Ni kweli humlaza. Ila pombe huuvunja usingizi katika nusu ya pili ya usiku, akaamka saa tisa akiwa na kiu na moyo unamwenda mbio, na kesho yake uchovu ni zaidi. Kwa wanaotafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, ili wakeshe na mgonjwa, hali ni mbaya zaidi: handasi, yaani msisimko wa muguka, huficha ulevi, mtu akanywa mengi bila kujisikia, kisha akaongeza kinywaji kikali ili aishushe handasi apate kulala.

Katika miji ya Waislamu kama Malindi na Lamu ipo pia siri. Anayejificha hanywi polepole na wenzake. Hunywa haraka, peke yake, na huchagua pombe kali kwa sababu chupa yake ni ndogo na huingia mfukoni. Aibu hiyo haimpunguzii unywaji. Inamwondolea mtu wa kumwona.

Kuhesabu kilichomo, si chupa

Kabla ya kumuuliza mtu, ni lazima kuwa na hesabu. Chupa si hesabu, kwa kuwa chupa ya bia na chupa ya konyagi hazibebi kitu kimoja. Kinachohesabiwa ni alkoholi safi iliyomo. Katika kipimo cha Shirika la Afya Duniani kizio kimoja ni gramu 10 za alkoholi safi. Kuipata, zidisha mililita kwa asilimia iliyoandikwa kwenye kibandiko, gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.79. Hizo ni gramu. Gawanya kwa 10 upate vizio.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu karibu 20, yaani vizio 2. Hapa ndipo wengi hupotea, kwani wakiulizwa vinywaji vingapi husema vitatu kwa kuwa ni chupa tatu, na kumbe ni sita. Kwota ya pombe kali, mililita 250 kwa asilimia 40, ina gramu 79, karibu vizio 8. Mzinga wa mililita 750 una karibu vizio 24. Ini la mtu mzima huondoa takribani kizio kimoja kwa saa, kahawa na maji baridi visiongeze kasi hiyo, kwa hiyo aliyemaliza kwota saa nne usiku bado ana pombe mwilini saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo wengine wameshawasha pikipiki.

Mnazi, yaani tembo, pombe ya utomvu wa mti wa mnazi, ndio unaosumbua hesabu, na pwani hii hauwezi kuachwa nje. Wapo wanaoapa kwamba hawanywi pombe, ila mnazi tu. Utomvu ukidondoka toka kwenye karara huwa mtamu na karibu hauna alkoholi, lakini chombo cha mgema kimebakiwa na hamira ya jana, kwa hiyo uchachu huanza juu ya mti kabla hajashuka. Kadiri saa zinavyokwenda ndivyo unavyokuwa mkali, mpaka siku ya pili au ya tatu uanze kugeuka siki. Hauna kibandiko, na wa asubuhi si sawa na wa jioni. Kwa makadirio, chukua asilimia 5: lita moja ni gramu karibu 40, vizio 4. Dumu la lita 5 likinywewa na watu watatu kivulini kwa usawa, kila mmoja amepata vizio 6 na zaidi, na hakuna aliyeondoka pale akijihesabu kuwa amelewa.

Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, haikadiriwi. Nguvu yake hubadilika kwa kila pipa, na hatari yake nyingine ni methanoli, alkoholi yenye sumu, inayochanganywa humo. Hapa jamaa ana haki ya kuulizwa bila kungoja chochote. Mgonjwa akiletwa akiona ukungu, akitapika na kupumua kwa kasi baada ya kunywa pombe ya mtaani, nduguye aliyemleta huenda alikunywa chombo kile kile. Dalili za methanoli zaweza kuchelewa saa 12 hadi 24, na huchelewa zaidi kwa aliyekunywa pamoja na pombe ya kawaida. Yeye bado yu mzima, anajaza fomu, na kesho anaweza kuwa kipofu au maiti. Aulizwe pale pale mlangoni, na akikiri, asiruhusiwe kwenda nyumbani kulala.

Maswali matatu, kisha kumi

Kipimo cha unywaji kinachotumika zaidi duniani kinaitwa AUDIT. Kina maswali 10, alama 0 hadi 40, na kilitokana na utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Si kipimo cha kigeni kilichotupwa juu ya watu wetu. Maswali matatu ya mwanzo peke yake hutosha kwa kuanzia, na huchukua dakika moja.

La kwanza: hunywa mara ngapi? Asiyekunywa kabisa hupata 0. Mara moja kwa mwezi au chini, 1. Mara 2 hadi 4 kwa mwezi, 2. Mara 2 au 3 kwa wiki, 3. Mara 4 au zaidi kwa wiki, 4. La pili: siku ukinywa, huwa ni vizio vingapi? Kimoja au viwili ni 0. 3 au 4 ni 1. 5 au 6 ni 2. 7 hadi 9 ni 3. 10 na kuendelea ni 4. La tatu: ni mara ngapi hunywa vizio 6 au zaidi kwa mkao mmoja? Hakuna ni 0. Chini ya mara moja kwa mwezi ni 1. Kila mwezi 2. Kila wiki 3. Kila siku au karibu kila siku 4. Mwanamume akifika alama 4, au mwanamke 3, anahitaji kuulizwa yale saba yaliyobaki.

Tuchukue mtu wa kawaida: fundi wa Maweni ambaye ndugu yake amelazwa kwa ini. Yeye hanywi siku za kazi. Ijumaa na Jumamosi hupata bia nne nne. Kwa kulinganisha na nduguye ni mtu wa msikitini. Mpige hesabu: mara 2 kwa wiki, alama 3; chupa nne ni vizio 8, alama 3; vizio 6 na zaidi kila wiki, alama 3. Jumla 9 kwa maswali matatu tu, na ukomo wa mwanamume ni 4.

Maswali ya 4 hadi 6 yanatafuta utegemezi: kushindwa kuacha ukishaanza, kushindwa kufanya uliyotarajiwa kuyafanya, kuhitaji kinywaji cha asubuhi ili uamke. Ya 7 hadi 10 yanatafuta madhara: majuto, kusahau ya jana usiku, kuumia au kuumiza mtu, na la mwisho, kama kuna ndugu, rafiki au daktari aliyewahi kuonyesha wasiwasi juu ya unywaji wako au kukushauri upunguze.

Swali hilo la 10 linafeli mahali hapa hasa. Katika nyumba yenye mgonjwa wa pombe, wasiwasi wote umemwendea mtu mmoja. Mama analia kwa ajili ya kaka mkubwa, wajomba wanaitwa kikao kwa ajili yake, imamu anaombwa azungumze naye. Mdogo mtu anayekunywa nusu ya kile hakushtuliwa na yeyote, kwa hiyo hujibu "hakuna" kwa ukweli kabisa na hupoteza alama ambazo zingefika 4. Anayepima jamaa wa namna hii asitosheke na jumla. Amuulize: kama nduguyo asingekuwa anakunywa, nyumbani wangesemaje juu ya unywaji wako? Jibu la swali hilo halina alama kwenye karatasi, lakini mara nyingi ndilo linalofungua mazungumzo.

Namna ya kuuliza

Mahali pa kuuliza ni muhimu kama maneno. Asiulizwe kando ya kitanda, mgonjwa akisikia. Mgonjwa atalishika jibu alitumie: "Mwaona, hata yeye." Wala asiulizwe mbele ya wazee au mashemeji. Chumba cha ushauri, au hata kona ya veranda pasipopita watu, kinatosha. Malindi ni mji wa watu kujuana, kwa hiyo muuguzi akiwa ni wa mtaa mmoja na jamaa huyo, ni heri kazi hiyo aifanye mwenzake.

Siku nayo ina maana. Siku ya kwanza jamaa ana hofu na majibu yatakuwa ya kujikinga. Siku ya pili au ya tatu, mgonjwa akishatulia, ndiyo nafasi nzuri. Isipokuwa kuna dalili. Ukimwona anayeuguza, saa kumi na mbili asubuhi, anamimina chai kutoka kwenye thamosi na kikombe kinagonga mdomo wa thamosi, chai inamwagikia vidoleni, jasho linamtoka na baridi ya bahari bado ipo, usingoje. Huyo amekaa usiku kucha bila kinywaji na mwili unakidai. Akitoweka kwa nusu saa na kurudi ametulia, amekwenda kutoa loku, yaani kunywa kidogo ili atulize mtetemeko.

Anza na salamu na pole ya kuuguza. Uliza amelala vipi, amekula nini, nani anamsaidia. Haya si mapambo. Ni mara ya kwanza pengine kwa yeyote kumuuliza. Kisha omba ruhusa: "Tunawauliza wote wanaouguza habari za afya zao, na pombe ikiwemo. Naweza?" Neno "wote" linabeba kazi kubwa, kwa kuwa linaondoa hisia ya kunyooshewa kidole. Usiulize "Wewe hunywi, sivyo?" kwani umeshamjibia. Wala "Unakunywa sana?" kwani kila mtu ana sana yake. Sema "Siku ukinywa, huwa ni nini, na kiasi gani?" Akisema kidogo tu, mrudishe kwenye siku moja: mara ya mwisho mlikuwa wangapi, mlianza saa ngapi, mlinunua nini, mlibakisha? Hesabu ya siku moja iliyokumbukwa vizuri hushinda makadirio ya mwaka.

Majibu yasiandikwe kwenye faili ya mgonjwa. Jamaa hakulazwa, na faili ile hupita mikononi mwa wengi. Akitaka kusaidiwa apewe kadi yake mwenyewe ya wagonjwa wa nje.

Kosa linaloharibu yote ni kumtwika lawama: "Wewe ndiye unayemharibu." Jamaa atafunga mdomo, na pengine hatarudi wodini. Kinachosemwa ni kwamba pombe yake ni jambo lake mwenyewe, lenye thamani ya kuangaliwa hata kama mgonjwa asingekuwepo.

Baada ya alama

Alama 0 hadi 7 kwa maswali yote 10, inatosha kumpa maelezo na kumsifu. Kutoka 8 hadi 15 ni unywaji hatarishi, na dawa yake ni mazungumzo mafupi. Kutoka 16 hadi 19, mazungumzo hayo yaongezwe ushauri wa vikao kadhaa na ufuatiliaji. Kuanzia 20 kuna dalili ya utegemezi, na huyo apelekwe kwa daktari kabla ya kuambiwa aache.

Mazungumzo mafupi ni ya dakika 5 hadi 15. Mwambie alama yake na maana yake bila kuipaka rangi. Iunganishe na kitu chake, si cha mgonjwa: presha iliyopimwa leo, vidonda vya tumbo, usingizi, pesa. Tulia umsikie anasema nini. Mwache achague lengo mwenyewe, kwa sababu lengo la kupewa hudumu mpaka getini. Lengo liwe na namba: siku nne za wiki bila kinywaji, bia zisizidi mbili siku ya kunywa, hakuna kwota nyumbani, hakuna muguka siku ya pombe. Mwisho mpe tarehe ya kurudi.

Je, yafaa kitu? Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, uliokusanya majaribio 69, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja waliopata mazungumzo hayo walikunywa kwa wastani gramu 20 pungufu kwa wiki kuliko ambao hawakupata. Hiyo ni bia moja ya nusu lita. Si muujiza. Ila ni dakika kumi za muuguzi, bila dawa wala kitanda, na sisi tunaona ni bei nzuri mno kuiacha.

Kwa wengine lengo ni sifuri: mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye kifafa, anayemeza dawa za kifua kikuu, anayedunga insulini. Na kwa yeyote anayeuliza ni kiasi gani kisicho na hatari hata kidogo, Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna.

Sasa jambo ambalo linaweza kuua. Mgonjwa anatoka hospitalini, familia imeguswa, mume na mke wanaapa mbele ya wazee kuwa kuanzia leo wote wameacha, chupa zinamwagwa. Mgonjwa alishatolewa pombe mwilini akiwa wodini, kwa diazepamu, dawa ya kutuliza, na vitamini B1, akiangaliwa. Mkewe je? Kama naye mwili wake umezoea kunywa kila siku, anaacha ghafla akiwa nyumbani bila chochote. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa 6 hadi 8 baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa cha pombe hutokea hasa kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka, kuona visivyokuwepo, homa na moyo kwenda mbio huja siku ya pili hadi ya nne, na bila matibabu huua. Watu hudhani amepagawa na majini, akapelekwa kunyweshwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, badala ya hospitali. Anayekunywa asubuhi, aliyewahi kutetemeka au kuanguka kifafa alipokosa pombe, au mwenye alama 20 na zaidi, asiache peke yake. Kukosa kinywaji siku mbili kwa sababu ya kuuguza kunatosha kumletea haya, hata kama hakukusudia kuacha.

Nyumbani

Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, swali la nani atashika dawa lijibiwe kwa makini. Kwa kawaida hupewa aliye karibu. Akiwa naye anakunywa, tembe za diazepamu zilizobaki ni hatari kwa wawili: diazepamu juu ya pombe hupunguza pumzi mpaka kukata. Mgonjwa akipewa disulfiramu, dawa inayofanya mwili uikatae pombe, isianzwe kabla ya saa 12 kupita tangu kinywaji cha mwisho, na hata baada ya kuiacha, pombe yaweza kumletea moyo kwenda mbio, kutapika na presha kushuka kwa muda wa mpaka wiki mbili. Dawa hii hufanya kazi ikiwa kuna mtu anayemwona akiimeza kila siku. Mtu huyo awe mkavu, yaani asiyekunywa, hata kama ni jirani au shangazi wa mtaa wa pili.

Nyumba isiyo na pombe ni bora kwa wote wawili, lakini isemwe wazi itaondolewaje. Na sherehe zipangwe kabla. Katika familia za Wagiriama za Ganda au Kakuyuni, matanga na mahari vina mnazi wake, na kadzama, mnazi wa heshima, ni haki ya wazee. Hakuna haja ya kupigana na mila. Kazi ya kwenda kuununua, kuubeba na kuugawa apewe mwingine asiye wa nyumba ile, maana mgawaji ndiye anayeonja kila dumu, na kazi hiyo mara nyingi huangukia mdogo wa mgonjwa.

Jamaa anayetaka kumsaidia mgonjwa ana njia zilizopimwa. Moja, iliyotengenezwa Marekani, hufundisha jamaa kumpa mnywaji wakati mzuri na mazungumzo anapokuwa hajalewa, kujitoa kimya anapokuwa amelewa, kumwachia matokeo ya ulevi wake bila kuyafunika, na kuchagua saa sahihi ya kumtajia matibabu. Katika jaribio lililochapishwa 1999, asilimia 64 ya wanywaji ambao jamaa zao walifundishwa hivyo waliingia matibabuni, dhidi ya asilimia 30 kwa njia ya kikao cha kumkabili. Vikao vya familia vya kumweka mtu katikati na kumzomea, tunavyovipenda sana, havina nguvu tunayovidhania. Jamaa mwenyewe akiwa anakunywa, njia hii humshinda kwa sababu rahisi: lazima mmoja awe hajalewa.

Kama nyumbani kuna kupigwa, usalama huja kabla ya yote haya. Nchini Kenya, namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Kwa ushauri wa pombe, simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, na kuipiga ni bure. Jamaa anaweza kupiga kwa ajili yake mwenyewe, si lazima aseme ni kwa ajili ya mgonjwa.

Watoto wasisahauliwe hesabuni. Mvulana wa miaka 15 anayetumwa mangweni kuleta mnazi wa baba huonja njiani, na sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Aelezwe waziwazi kwamba kwa urithi wake hatari ni kubwa kuliko ya wenzake, na kwamba kutokulewa upesi si sifa.

Mgonjwa akipewa tarehe ya kliniki, kwa kawaida wiki mbili au mwezi, jamaa naye apewe tarehe hiyo hiyo. Atakuja hata hivyo, kwa kuwa ndiye anayemleta. Wakati mgonjwa anapimwa ini, yeye aulizwe tena yale maswali matatu kando, na alama mpya iandikwe chini ya ile ya kwanza kwenye kadi yake.